Sufuria zangu nyingi nimeziua mwenyewe

Tulipokuwa tunahama nyumba ndo nikajua nina makaburi jikoni. Kabati la chini kabisa, lile ambalo hulifungui mpaka siku ya kuhama au siku umesikia panya, lilikuwa limejaa vyombo ambavyo hakuna mtu anavipikia alafu hakuna mtu anavitupa. Tukavitoa vyote tukavipanga sakafuni. Vikaango vitatu, sufuria nne, kisu kimoja hakina ncha, presha kuka moja, mfuniko wa kioo ambao sufuria yake haijulikani ilipo, na ubao wa kukatia umepasuka katikati. Kumi na moja jumla. Mke wangu akakaa juu ya boksi akawa anaokota kimoja kimoja ananiuliza, hiki kilikufa na nini baba watoto, na hiki je. Nikaanza kujibu kwa utani ila utani ukaisha mapema maana majibu yalikuwa yaleyale, moto mwingi, maji baridi, kusugua kwa hasira, kuloweka mpaka asubuhi. Karibu vyote nimeviua kwa mikono yangu hii. Na miaka yote hiyo nilikuwa nalaumu wauzaji, vyombo vya siku hizi feki, vyombo vya siku hizi havidumu.

Kilikuwepo kimoja tu ambacho sikukumbuka kifo chake, kisufuria cha kuchemshia maziwa, tako lake limeachia kabisa upande mmoja. Nikakiweka pembeni.

Nianze na nonstiki maana vikaango viwili kati ya vile vitatu vilikuwa vya ukoo huo. Nilivinunua kwa seti, unazijua zile seti za boksi kubwa lenye picha, vipande sijui kumi na vingapi, nikajiona nimemalizana na jiko maisha yote. Wiki za mwanzo yai lilikuwa linateleza lenyewe mpaka raha. Miezi ikaenda, yai likaanza kushika katikati, pembeni bado linateleza, na kabla mwaka haujaisha vipande vyeusi vikawa vinaonekana kwenye chakula, mimi navitoa na kijiko naendelea kula kama hamna kitu.

Sasa nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nabandika kikaango kitupu, nafungua moto mpaka mwisho ili kiwahi kupata moto, alafu ndo naenda kumenya vitunguu. Nikirudi kuna kaharufu fulani hivi kakali. Alafu nageuzia uma, uma wa chuma, kwa sababu uko karibu. Alafu nikimaliza kupika nakichukua kina moto vilevile nakitia kwenye sinki chini ya maji, chwaaaa, mvuke unapanda, najisikia kama fundi chuma.

Nilikuja kuelewa baadae sana kwamba ile ngozi nyeusi ni plastiki. Yaani plastiki kabisa, inaitwa PTFE, wengi tunaijua kwa jina la biashara la Teflon. Iligunduliwa mwaka 1938 kwa bahati tu, mkemia mmoja wa DuPont kule Marekani, Roy Plunkett, alikuwa anahangaika na gesi za majokofu akakuta gesi ndani ya mtungi imegeuka unga mweupe unaoteleza ambao haushikani na kitu. Kwenye vikaango ilikuja kufika miaka ya 1950, Mfaransa Marc Grégoire ndo alipata njia ya kuibandisha kwenye alumini. Hiyo historia iliniingia kichwani kwa sababu moja, ukishajua unapikia juu ya plastiki unaacha kuifanyia ukatili. Ikizidi nyuzi joto 260 inaanza kuharibika, ikifika 350 na kuendelea inatoa moshi ambao sio mzuri kabisa, watu wamepata homa kama mafua kwa kuuvuta na ndege wanaofugwa ndani wanakufa nao haraka maana mapafu yao hayana uvumilivu. Na kikaango kitupu kwenye moto mkubwa kinafika huko ndani ya dakika chache tu, wakati we bado unamenya kitunguu.

Vile vipande nilivyokuwa nameza, hivyo havikunifanya kitu, vinapita vinatoka kama vilivyoingia. Kilicholeta kelele kubwa duniani ni kemikali nyingine, PFOA, iliyokuwa inatumika kiwandani kutengenezea hiyo ngozi, makampuni makubwa yalikubaliana mwaka 2006 kuiondoa na mwisho waliojiwekea ulikuwa 2015. Kwa hiyo kikaango cha zamani sana ambacho kimebanduka mi siwezi kukuambia uendelee nacho.

Saa hii ninacho kimoja tu cha nonstiki. Cha mayai na samaki, basi. Moto wa kati au wa chini, mafuta yanaingia kabla ya moto, mwiko wa mbao au silikoni, na kinaoshwa kikishapoa kwa sponji laini. Hapo kinaenda miaka mitatu, minne, na kikianza kushika nakubali kimezeeka. Nonstiki ni kama viatu vya mpira, hata ukivitunza vipi vinaisha, kwa hiyo kununua cha gharama sana cha aina hii naona kama kujionea. Zile za ngozi nyeupe wanazoita seramiki nazo ni hivyohivyo, kwangu zilichoka mapema zaidi hata, utelezi uliisha wakati ngozi bado ipo na inang'aa. Na kama unavipanga vikaango kimoja juu ya kingine weka kitambaa katikati. Mimi nilikuwa napanga tu, matako ya cha juu yanakwangua tumbo la cha chini, alafu nashangaa michoro imetoka wapi na uma nilishaacha.

Kile kikaango cha tatu sasa, hicho hakikuwa nonstiki, kilikuwa alumini nyepesi, na kilikufa na ile chwaaaa. Kitako chake kiko kama mgongo wa kobe. Ukimimina mafuta yanakimbilia pembeni, katikati panabaki pakavu panaungua, na ukikiweka kwenye jiko la umeme la bamba kinazunguka kama pia. Chuma kikiwa na moto kimetanuka, ukikimwagia maji baridi sehemu moja inajikunja ghafla wakati nyingine bado imetanuka, zinavutana, kinapinda. Na hakirudi. Nilijaribu kukigonga na nyundo nikakiharibu mara mbili. Hili kosa ndo naliona kila jiko ninaloingia, watu wanapenda ule mlio. Kiache kipoe dakika kumi, we kula kwanza, hakuna mtu anakufukuza. Mfuniko wa kioo hivyohivyo, ukitoka kwenye moto usiuweke juu ya marumaru yenye maji, mmoja ulinipasukia mpaka nikadhani bomba la gesi, vipande vidogovidogo jiko zima, tuliviokota wiki nzima.

Stenlesi ndo ilinitesa kuliko zote, na ndo naipenda kuliko zote leo.

Nilinunua sufuria na kikaango cha stenlesi baada ya kuchoka na kubanduka, nikakaanga yai siku ya kwanza, likashika lote. Lote. Nikalikwangua likawa kama saruji. Siku ya pili nikaongeza mafuta, likashika. Nikasema nimeibiwa, nikakirudisha kwenye boksi lake kikakaa miezi. Aliyenitoa ujinga ni mama mkubwa, alikuja kututembelea akakikuta, akauliza mbona hiki kizuri umekificha, nikamwambia mama kinashika hicho, hakifai. Akaniangalia akasema, mwanangu wewe unakiweka chakula kabla chombo hakijawa tayari, alafu unamgeuza kabla hajataka kugeuka. Akawasha moto wa kati, akakiacha kitupu dakika mbili tatu, akachovya vidole kwenye maji akarushia. Tone likachemka likakauka. Akasubiri. Akarushia tena, safari hii tone halikukauka, likajikusanya likawa kagololi kanakimbia huku na huku juu ya chuma kama limepagawa. Akasema haya, sasa mafuta. Akazungusha mafuta, akapunguza moto kidogo, ndo akaweka nyama. Ikashika kweli, nikataka kuingilia, akanipiga mkono na mwiko. Baada ya dakika kama nne ikajiachia yenyewe, ina rangi nzuri, hata hakukwangua.

Yale matone kumbe yana jina, daktari wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliyaandika tangu mwaka 1756. Chuma kikiwa na moto wa kutosha, kwenye karibu nyuzi 200 hivi, tone linapogusa upande wake wa chini unageuka mvuke hapohapo, ule mvuke unalibeba tone lisiguse chuma. Mama mkubwa hajawahi kusikia jina hilo na wala hana shida nalo. Ila kitu kimoja niongeze hapo, hilo jaribio usilifanye kwenye nonstiki, stenlesi tu, maana nonstiki tupu ukiisubirisha hivyo inaweza kupitiliza mpaka moto wa kuua.

Na yale mabaki ya kahawia yanayobaki chini ukishakaanga nyama, nilikuwa nayaona uchafu. Mwaga maji kidogo au mchuzi wakati bado kuna moto, sugua na mwiko, yanaachia yote na ndo utamu wenyewe wa mchuzi, na chombo kimejiosha nusu. (Kidogo, na yasiwe ya baridi kali, sio ile chwaa ya sinki.)

Kwenye kuchagua stenlesi nimeliwa mara mbili kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Zile namba 18/10 unazoona zimegongwa chini, maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Kromiamu ndo inayokinga kutu, inajitengenezea kautando juu ambako hata ukikakwangua kanajirudisha kenyewe kikikutana na hewa. Mwingereza Harry Brearley alikuwa Sheffield mwaka 1913 anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisichoisha haraka, akaishia kupata stenlesi, na sisi tukapata vijiko. Lakini hizo namba hazisemi sufuria itapika vizuri, zinasema tu haitashika kutu kirahisi. Stenlesi peke yake inasambaza moto vibaya mno, alumini inapitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko yenyewe. Ndo maana sufuria nyembamba ya stenlesi tupu inaungulia duara palepale mwali wa moto unapogusa na pembeni chakula bado kibichi. Niliyo nayo sasa ina tako nene lenye alumini katikati, imebanwa kama sandwichi. Unaijua ukiinyanyua, tako zito, na ukiigonga chini haitoi mlio wa debe. Nyingine tabaka la alumini linapanda mpaka kwenye kuta, hizo bora zaidi ila sio lazima kwa kuchemshia.

Kama jiko lako ni la induksheni, yale ya umeme yanayopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, nenda na sumaku mfukoni. Ikinata chini ya sufuria, itafanya kazi. Isiponata acha hata muuzaji akuapie. Mi nilienda bila sumaku.

Kitu kingine kilichoniuma, vidoti vidogo kama vimechomwa na sindano chini ya sufuria mpya ya stenlesi. Nikadhani kutu, nikadhani feki. Ilikuwa chumvi. Nilikuwa natia chumvi kwenye maji ya baridi, inatulia chini inakaa palepale inakula chuma. Tia chumvi maji yakishachemka, koroga, mchezo umeisha. Vidoti vyenyewe havifutiki lakini havina madhara. Zile rangi za upinde wa mvua pamoja na madoa meupe ya maji magumu hayo sio ugonjwa, siki kidogo kwenye kitambaa, futa, suuza.

Ukoko ulioungua mpaka ukawa lami, hapo ndo niliua sufuria mbili kwa stilwaya. Siku hizi natia maji yafunike ukoko, vijiko viwili vya magadi, nachemsha moto mdogo robo saa, nazima, naacha mpaka yapoe, mwiko wa mbao unabandua kama karatasi. Watu wanachanganya magadi na siki pamoja kwa sababu yanatoa povu wanaona kama kazi inafanyika. Povu ni gesi tu, asidi na magadi vinauana vinabaki karibu maji ya chumvi. Tumia kimoja, ukishindwa suuza alafu tumia kingine.

Lakini angalia, hiyo ya magadi kwenye alumini usithubutu. Nilichemshia magadi sufuria ya alumini ikatoka nyeusi ndani kama masizi. Alumini haipendi magadi na haipendi asidi, zote mbili zinakula kautando ka juu kanakoikinga. Ndo maana ukipikia nyanya nyingi au ndimu kwa muda mrefu chakula kinapata ladha ya chuma na sufuria inatoka inang'aa sana ndani, hiyo inayong'aa ni sehemu imeliwa. Hata mashine ya kuoshea vyombo inaiharibu kwa sababu sabuni yake ni kali, inatoka ya kijivu inayopaka mikono. Alumini kwa kuchemsha maji na kuivishia vitu visivyo vikali naikubali sana, nyepesi, inapata moto haraka. Nachokwepa ni kuacha chakula kilale humo. Na zile zinazoyeyushwa kutoka kwenye mabaki ya injini na vyuma vya kila aina, hizo nimeacha kabisa, watafiti waliozipima Kameruni mwaka 2014 walikuta madini ya risasi yanatoka yanaingia kwenye chakula. Risasi haina ladha wala harufu, na watoto ndo inawaumiza zaidi. Kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo nanunua yenye chapa ya kiwanda na ngozi ngumu ya kijivu iliyotiwa kiwandani.

Sasa niongelee kikaango cha chuma. Hakikuwa sakafuni siku ile, kipo hai, lakini nusura.

Alikuwa nacho bibi, mama yake mama. Chuma cha kumimina, kizito mpaka mkono mmoja haukitoshi, cheusi, ndani laini kama kioo. Akanipa nilipoanza kujitegemea, akaniambia tu mjukuu wangu hiki usikiache na maji. Sentensi moja. Nikaishi nacho miezi miwili, siku moja nimechoka nikakijaza maji na sabuni nikakiacha kwenye sinki usiku kucha, kiloweke. Asubuhi rangi ya chungwa. Kutu kote. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sikutegemea kujisikia kwa ajili ya kikaango, nikakifunga na gazeti nikakificha, na bibi akija naomba asiulize. Aliuliza. Nikamwonyesha. Akacheka, akasema chuma hakifi hicho, lete stilwaya.

Hapa ndo mahali pekee stilwaya ina haki. Tulisugua mpaka kikarudi kijivu kitupu, tukaosha, tukakikausha juu ya moto sio kwa kitambaa tu, maana maji yanajificha kwenye vitundu. Kikiwa cha vuguvugu akapaka mafuta, alafu, na hii ndo siri yenyewe, akachukua kitambaa kikavu akayafuta yote kana kwamba amekosea kuyapaka. Nikamuuliza bibi mbona unayatoa. Akasema yaliyobaki yanatosha. Mimi nilipojaribu mwenyewe mara ya pili nilipaka nikaacha yametota, kikatoka kinanata kama gundi, vumbi lote la jikoni likahamia humo. Akakirudisha kwenye moto mpaka kikatoa moshi kikaacha, akapoza, akarudia kama mara nne. Kinachotokea ni kwamba mafuta membamba yakipata moto mkali yanaungana yanakuwa ngozi ngumu, sio mafuta tena, ndo maana hayatoki kwa sabuni. Ukiwa na oveni ni rahisi zaidi, nyuzi 230 mpaka 250, kikiwa kimegeuzwa chini juu, saa nzima, unakiacha kipolee humohumo.

Na ile ya kwamba chuma kisiguswe na sabuni, niliiamini miaka. Ilikuwa kweli zamani sabuni zikiwa na magadi makali ndani. Sabuni ya maji ya leo kidogo haina shida, kosa ni kuloweka na kutokausha. Mi naosha, naweka kwenye moto dakika mbili kikauke, napaka mafuta ya kuonekana kwa shida, natundika. Nyanya na siki kwa muda mrefu hapana, zinabandua ile ngozi. Bibi hayupo tena. Kikaango kipo, kinakaanga kuliko vyote, na sijui nitampa nani.

Visu nitasema machache. Kidole changu cha shahada kina kovu, na kisu kilichonikata hakikuwa kikali, kilikuwa butu, nilikuwa nakandamiza nyanya kikateleza kikaja kwangu. Kisu kikali kinaenda unapokielekeza. Ile fimbo ya chuma inayokuja na seti za visu hainoi, inanyoosha tu makali yaliyojikunja, nafuta mara chache kabla ya kazi. Kunoa kwenyewe ni jiwe, nina la namba 1000, kisu kimelala kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, taratibu, pande zote sawa, mpaka unasikia kauvimbe kadogo kwa upande wa pili. Usikatie kwenye sahani wala ubao wa kioo. Na usikitupe kwenye droo kigongane na vijiko, alafu kile kisicho na ncha kule sakafuni nilikuwa nafungulia makopo, haya nimesema. Visu viwili vinatosha nyumba, kikubwa na kidogo, vile kumi na mbili vya kwenye kibweta cha mbao tisa sijawahi kuvigusa.

Presha kuka iliyokuwa sakafuni haikupasuka, ila tuliiogopa. Ilikuwa inavuja pembeni, haipandi presha, nikawa nazidisha moto. Tatizo lilikuwa mpira tu, umekauka umepasukapasuka, mimi nikabadilisha sufuria nzima badala ya mpira. Chombo chenyewe ni cha zamani sana, Denis Papin alikionyesha London mwaka 1679, na ni yeyeyule aliyebuni vali ya kutolea mvuke isije ikalipuka. Ndani maji yanafika kama nyuzi 120 badala ya 100, ndo maana maharage yanaiva haraka. Ninayofanya sasa kila mara, kabla ya kufunika naangalia tundu la mvuke kwenye mwanga, nione upande wa pili, maana ganda moja la maharage likiziba hapo una bomu. Sijazi kupita theluthi mbili, na vitu vya povu kama maharage na nafaka ni nusu tu. Mfuniko ukikataa kufunguka, umekataa. Mara moja niliulazimisha, mchuzi ukapanda mpaka dari na mimi mkono ukababuka, mke wangu hakuongea na mimi mpaka jioni.

Mbao, zikaushwe zikiwa zimesimama, zisilowekwe, ubao wangu ulipasuka kwa sababu nilikuwa naulaza kwenye maji. Mafuta maalum yasiyooza kila mwezi hivi. Ubao wa nyama mbichi uwe wake peke yake. Plastiki, ule mwiko mweusi ukianza kuyeyuka ncha we tupa, usijadiliane nao.

Tukamaliza kupanga, tukabaki na vya kuhamia navyo, sufuria tatu za stenlesi, moja kubwa ya alumini, nonstiki moja, kikaango cha bibi, presha kuka yenye mpira mpya, visu viwili. Boksi moja na nusu. Zamani yalikuwa manne.

Kikabaki kile kisufuria cha maziwa. Nikakigeuza, nikaona chini kwenye tako kuna matone ya fedha yameganda pembeni kama nta ya mshumaa. Hapo nikaelewa, alumini ya katikati iliyeyuka, na alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, yaani hiki kilisahauliwa kwenye moto kikavu muda mrefu mno, bahati nyumba haikuungua. Nikaanza kujilaumu, nikasema kwa sauti sikumbuki kabisa hiki nilikifanya lini, labda nilipitiwa na usingizi. Mke wangu akawa anafunga boksi kwa gundi, anafunga palepale alipokwisha kufunga.

"Baba watoto, hicho weka tu kwenye takataka."

"Mi nataka kujua nilikiua lini."

"Ulikuwa kazini," akasema.